Kambi ya Nini?

Nachingwea haikuanza kama kijiji kikakua hadi kuwa mji. Ilianza kama kambi. Wamwera walikuwa na vijiji vyao pande hizo tangu zamani, na Wamakua na Wayao nao walikuwapo, lakini mji wenyewe, wenye uwanja wake wa ndege na barabara pana kuliko mahitaji yake, ulizaliwa na mahema ya watu waliokuja kulima karanga. Uingereza ilikuwa imetoka vitani mwaka 1945 ikakuta raia wake wanapimiwa mafuta ya kupikia kama dawa. Mwaka uliofuata Frank Samuel, mkubwa mmoja wa kampuni ya United Africa, akaja na wazo kwamba Tanganyika ina ardhi tupu ya kutosha kuwalisha. Ikatumwa timu ya John Wakefield, ikazunguka Afrika Mashariki na Kati kwa wiki tisa, ikarudi na hesabu iliyopangika vizuri: ekari 3,210,000, zigawanywe mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja. Zaidi ya nusu ya mashamba hayo yalipangiwa Jimbo la Kusini, na makao ya kusini yakawa Nachingwea.

Yaliyofuata yameshasimuliwa sana, hasa ya Kongwa, ambako udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji na karanga zikagoma kutoka. Kusini mambo yalichelewa kuanza, kwa hiyo hata kuharibika kulichelewa. Ilihitajika bandari, na Mtwara ikajengwa. Ilihitajika reli, na reli ikapandishwa kutoka pwani hadi Nachingwea. Vilihitajika vyuma vya kung'olea miti, na vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani vikageuzwa kuwa matrekta. Januari 1951 serikali ya London ikakubali yaishe, zikiwa zimeteketea pauni milioni 36 hivi. Inasemwa kwamba mbegu zilizonunuliwa zilizidi karanga zilizovunwa. Reli iliendelea kusafirisha kidogo kilichokuwepo, nayo ikafungwa mwaka 1962. Waliokuja na mpango wa kukaa daima waliondoka baada ya miaka isiyofika mitano, na mji uliowekwa kwa ajili ya kuwahudumia ukabaki, ukajitafutia kazi nyingine.

Nimeanzia mbali kwa sababu mwezi Agosti nilikwenda pande hizo kupiga kambi kwa raha zangu, pamoja na rafiki zangu wa Dar es Salaam, kwa gari la kukodi. Sijawahi kukaa mahali ambapo neno hilo kambi lina uzito kiasi kile.

Wazo lilitoka kwa mwenzetu mmoja aliyesoma Brisbane. Akiwa huko aliwahi kwenda K'gari, kisiwa kilicho pwani ya Queensland ambacho miaka mingi kiliitwa Fraser. Ni kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani vilivyofanyika kwa mchanga mtupu, urefu wake kama kilomita 120, na kiliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1992. Vijana wanaosafiri na begi mgongoni hujazwa humo kwa makundi, wanane wanane katika kila gari, Mjerumani na Mkorea na Mwairishi ambao jana yake hawakujuana. Kiongozi hutangulia na gari lake, wengine humfuata kwa msafara huku akiwaelekeza kwa redio ya upepo. Ufukwe wa mashariki ni barabara kuu inayotambuliwa na sheria, ina mwendo uliowekwa na ina trafiki, na ndege ndogo hutua humo humo. Ukikosea saa za maji kupwa, bahari inalikuta gari lako. Usiku kuna dingo, mbwa mwitu wa huko, na watu huelekezwa kufungia chakula chao vizuri. Kabla ya yote hayo hulipia kibali cha gari na kibali cha kulala, wakaandika jina na namba ya gari. Hakuna anayewauliza wamefuata nini. Jibu linajulikana.

Yeye alikuwa akisimulia hayo kila tulipokutana, mpaka mmoja wetu, mtoto wa Ruangwa, akachoka. Akasema visiwa vya mchanga kwao vipo, hata kama havina bahari. Kiangazi mto Mbwemkuru hupungua ukabaki vijito na madimbwi, na katikati ya bonde hujitokeza matuta ya mchanga mweupe, makubwa, yenye miti iliyosombwa na masika. Ukitaka kulala kisiwani, alisema, huhitaji pasipoti.

Kwenda kusini siku hizi si habari ya kumsimulia mtu. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri wa Lindi alipanga foleni kwenye kivuko cha Rufiji, na baada ya kuvuka akaingia kwenye mchanga na tope ambako abiria wa basi walishuka kusukuma, wenye suti na wenye khanga kwa pamoja. Masika ikianza, kusini kulifungwa. Wazee wa huko bado husema "kwenda Tanzania" kwa utani, wakimaanisha kuvuka Rufiji. Sasa unapita Nangurukuru, unashuka Lindi, unapanda Mingoyo hadi Nanganga, unakunja kulia kwenda Ruangwa, na lami iko chini yako muda mwingi kiasi kwamba gari lenye nguvu za kwenda porini linaanza kuonekana kama majivuno. Dereva wetu alikuwa wa kwanza kusema hivyo. Alinyamaza tulipoiacha lami kaskazini mwa Ruangwa.

Kijijini tulipita kwanza ofisini, kama inavyotakiwa. Ofisi ilikuwa na meza, mabenchi mawili, kalenda ya chama cha ushirika na daftari la wageni lililopigwa mistari kwa rula: tarehe, jina, anakotoka, madhumuni, saini. Mtendaji, kijana wa rika letu, alitugeuzia daftari na kalamu. Wa kwanza wetu alijaza haraka haraka hadi kwenye madhumuni, akasita, kisha akaandika: kupiga kambi.

Mtendaji akaligeuza, akasoma.

"Kambi ya nini?"

"Ya kupumzika tu, mheshimiwa."

"Mmetoka Dar kuja kupumzika mtoni."

Hakuuliza wala hakucheka. Alikuwa kama anayejisomea maneno hayo aone kama yatakubalika endapo atalazimika kuyarudia wilayani. Nilipofikiwa na daftari nilisoma mistari iliyokuwa juu yetu. Chanjo ya watoto. Ukaguzi wa ghala. Kufuatilia madai ya viuatilifu vya korosho. Utafiti wa madini. Tathmini ya mashamba yaliyoliwa na tembo. Kila aliyeingia humo ndani alikuwa na jambo. Sisi tulikuwa na vitoweo kwenye boksi la barafu.

Nilimwelewa mtendaji baadaye, alipokaa nasi nje chini ya mwembe. Kambi zote alizowahi kuziona zilikuwa za kutafuta kitu, na nyingine zilipata zaidi ya zilichosema. Kuna kambi za wachimbaji na watafiti: Ruangwa ina kinywe, madini yale meusi yanayotafutwa sasa kwa ajili ya betri za magari ya umeme, na Nachingwea ina nikeli kwenye kilima cha Ntaka. Kuna kambi za mkaa na za mbao, ambazo hazijiandikishi popote. Halafu kuna wafugaji. Walipoondolewa Usangu, kule Mbeya, mwaka 2006 na 2007, wengi walielekezwa mikoa ya Lindi na Pwani, wakashuka na ng'ombe wao kwenye mabonde ambako hapakuwahi kuwa na ng'ombe wa kuhesabika. Walifika wakaweka maturubai, wakasema wanapita. Wapo mpaka leo, baadhi kwa amani na baadhi kwa kesi za mashamba. Mtu wa ofisi ya kijiji akisikia kambi, haoni hema; anaona mgogoro wa miaka kumi ijayo. Kwa hiyo alichukua kalamu yake mwenyewe, mbele ya maneno yetu akaandika idadi ya siku, akaipigia mstari chini yake.

Kisha akamwita mzee mmoja.

"Huyu ndiye mwenye mchanga," alisema.

Mwenzetu wa Brisbane akauliza kama mchanga wa mtoni nao una mwenyewe. Mzee, tuliyekwisha kumpa shikamoo sote kwa zamu, alimtazama kwa huruma. Kila kiangazi, alieleza, yeye na wanawe hulima ukingo wa tuta lile: nyanya, mchicha, bamia, na mahindi machache ya kuchoma. Maji yako chini kidogo tu, mimea inajinywea. Masika mto unachukua kila kitu, hata tuta lenyewe, na mwaka unaofuata linatokea mahali pengine kidogo, na watu wanajua tena kipande kipi ni cha nani. Baba yake alilima hapo. "Karibuni, wanangu," alisema. "Ila nitawaonyesha pa kulala."

Nilimfikiria huyo mzee nilipokumbuka K'gari. Watu wa Butchulla wamekuwa kwenye kisiwa kile kwa maelfu ya miaka. Mwaka 1836 meli ya Stirling Castle ilipasuka miambani mbali baharini, mashua ya manusura ikaishia huko, na nahodha James Fraser akafa hapo. Mkewe Eliza akaokolewa, hadithi yake ikauzwa London kwa kutiwa chumvi, na kisiwa kikabeba jina la familia hiyo karibu karne mbili. Mahakama ilitambua haki ya Wabutchulla mwaka 2014, na jina la K'gari likarudishwa rasmi mwaka 2023. Katika miaka yote hiyo maelfu ya vijana walilala juu ya mchanga ule wakiamini wamefika mahali pasipo na mtu. Hiyo ndiyo bidhaa hasa inayouzwa katika safari za namna hii: utupu. Na ndilo wazo alilokuwa nalo Frank Samuel kuhusu Tanganyika. Ardhi yetu ya kusini imeitwa tupu na watu wengi waliokuwa na haraka.

Tushuke mtoni sasa. Kingo za Mbwemkuru zina mteremko, na chini yake mchanga ulio laini kama unga wa muhogo. Dereva alisimamisha gari juu, akazunguka na njiti ya kiberiti akitoa upepo tairi moja baada ya nyingine. Hakuwa na kipimo. Aliibonyeza njiti kwenye valvu, akasikiliza, akatazama jinsi mpira unavyovimba pembeni ulipokutana na ardhi, akaacha, akapiga teke, akarudia. Tairi lililojaa hukata mchanga na kuchimba. Lililolegea hujitandaza, likapita juu. Akaingiza gia nzito, akatuamuru tushuke sote, akaenda polepole bila kugusa breki. Alipokuwa karibu kufika, mguu ukamponyoka kwenye mafuta, injini ikanguruma, na gurudumu la nyuma likazama hadi kwenye ekseli.

Kuna watu hulipa fedha nyingi ili wapatwe na hilo. Huko K'gari, mwenzetu alituambia, kukwama ndiyo sehemu inayopigwa picha: wote wanachimba, wote wanacheka, halafu kiongozi anakuja na kamba. Sisi tulichimba kwa sahani. Dereva alitukataza kusukuma mpaka mchanga wa mbele ya tairi zote uondolewe, maana gari haliinuki likaruka ukuta, linataka ngazi. Tukakata matawi makavu, tukayalaza. Mara ya kwanza gari liliyameza matawi. Mara ya pili mzee, aliyekuwa ameketi kwenye gogo akitutazama, alinyanyuka, akayatoa matawi, akayapanga upya kwa kupishana, manene chini na membamba juu, kama anayefuma jamvi, akarudi kwenye gogo lake. Gari likatoka.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaza kuhusu mizigo. Tulikuwa na mahema, viti vya kukunja, meza, majiko, maji ya chupa, boksi la barafu, taa, spika ya muziki, na godoro la mtu mmoja asiyeweza kulala bila godoro. Vyote vilitoka garini. Miaka 100 na kitu iliyopita vitu vya aina hiyo hiyo vilipita bonde hilo hilo, kitanda cha kukunja na beseni la kuogea na meza ya chakula, na vyote vilikuwa juu ya vichwa vya watu. Kusini mwa mto, upande wa Lindi, kuna kilima cha Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 jumba la makumbusho la Berlin lilipiga kambi hapo likichimba mifupa ya dinosaria. Werner Janensch na Edwin Hennig ndio majina yaliyo kwenye vitabu. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na chini yake mamia ya wafanyakazi waliokuja na familia zao, wakajenga vibanda, kambi ikawa kijiji kizima. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilifungwa na kubebwa kwa kichwa hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Mnyama mmojawapo amesimama Berlin hadi leo, kimo chake kinapita mita 13. Waingereza walirudi hapo mwaka 1924. Kiongozi wao William Cutler alikufa kwa malaria mwaka uliofuata, na kijana aliyefuatana naye, Louis Leakey, akaondoka salama akaenda kuwa Leakey tunayemjua.

Miaka minne baada ya Wajerumani kufungasha mifupa yao, vita vilifika. Oktoba 1917 majeshi yalikutana Mahiwa, kwenye njia ya Lindi kwenda Masasi, siku nne za kuuana, na Ruponda, ambayo leo ni kata ya Nachingwea, ilikuwa ghala la Wajerumani lililotekwa mwezi huo huo. Askari walihesabiwa. Wapagazi, waliobeba chakula cha askari na mahema ya maofisa wakati wao wenyewe wakilala mvuani, walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita vile vyote, wengi kwa njaa na kuhara. Kwa watu wa bonde hili, kupiga kambi kulimaanisha kumpigia mwingine. Gari limetuondolea ulazima wa kumtazama usoni anayebeba godoro letu; ndiyo faida yake kubwa kuliko kasi, na nadhani hatuizungumzii kwa sababu inatuaibisha kidogo.

Katika kambi zote za pande hizi moja naiheshimu kuliko nyingine, na hata hiyo naiheshimu kwa mashaka. Baada ya Waingereza kuondoka, mashamba yao yalibaki na namba zake, na moja, Shamba namba 17, Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa Msumbiji katikati ya miaka ya 1960. FRELIMO ilikuwa imeundwa Dar es Salaam mwaka 1962 na kuanza mapigano Septemba 1964. Nachingwea ikawa kambi yake kuu ya mafunzo. Samora Machel aliiongoza. Wachina walifundisha humo. Mwaka 1967 wanawake wa kwanza wa kikosi chao walianza mafunzo hapo, jambo ambalo makamanda wengine hawakulipenda. Na walilima: mpiganaji alishika bunduki asubuhi na jembe mchana, ofisa pamoja na askari, katika udongo ule ule uliowashinda wenye matrekta ya vifaru. FRELIMO iliiona kambi ile kama maabara ya kumuunda mtu mpya, asiye Mmakonde wala Mmakua wala Mshangani, Mmsumbiji tu.

Maabara huwa na masalia. Mwaka 1975, zikiwa zimebaki wiki chache nchi ipate uhuru wake wa tarehe 25 Juni, Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa chama hicho hicho, alisimamishwa mbele ya umati Nachingwea akasoma kurasa ndefu za kujishutumu alizolazimishwa kuzisoma. Hakuachiwa huru tena. Muda mfupi baadaye Machel aliondoka kuelekea nyumbani, akavuka Ruvuma, akazunguka nchi yake kuanzia kaskazini hadi akaingia mji mkuu. Kambi ikabaki nyuma na siri zake. Kwa hiyo Nachingwea, ndani ya miaka 30, ilikuwa kambi ya kutengeneza mafuta ya kupikia na kambi ya kutengeneza binadamu, na mara zote mbili aliyekuja na mpango alijua kabisa madhumuni yake ni nini. Nikiwa nimelala chali juu ya mchanga unaoanza kupoa, nilianza kuionea fahari safu ile ya daftari tuliyoshindwa kuijaza sawasawa.

Maana hatukufanya kitu. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Mtandao ulikatika kwenye kona ya mwisho kabla ya mto, na ilichukua jioni nzima watu kuacha kupapasa mifuko. Mtoto wa Ruangwa alitufundisha kuchimba maji: unachagua mahali pa chini karibu na ukingo, unafukua kwa mikono hadi kwenye kiwiko, mchanga unabadilika rangi, unakuwa mzito, kisha shimo linaanza kulia polepole. Maji ya kwanza ni ya tope. Unayakomba, unamwaga. Ya pili unayakomba, unamwaga. Ya tatu unayaacha yatulie, na unaweza kuona vidole vyako chini. Tulichemshia ming'oko aliyotuletea mke wa mzee, vile viazi pori vyembamba ambavyo mtu wa Mtwara na Lindi akiviona Dar hununua bila kuuliza bei, tukala kwa chumvi na pilipili. Nyama ya kwenye boksi la barafu tuliisahau.

Tuligombana pia. Sahani tulizochimbia gari zilikuwa hizo hizo za kulia, na baada ya chakula kila mtu akawa na jambo la kutazama mbali. Mwenzetu wa Brisbane alisema hata K'gari wageni wale wa nchi kumi huelewana kwa kila kitu mpaka wafikie sufuria. Naamini hata Shamba 17 walifika hapo. Tofauti ni kwamba wao waliifanya kuwa siasa, wakaamua kamanda naye aoshe. Sisi aliosha dereva. Hakuombwa wala hakuwa amelipwa kwa ajili hiyo. Alinyanyuka tu, akaenda ukingoni, akazisugua kwa mchanga mkavu, bila sabuni, zikang'aa kuliko zilivyotoka dukani. Hakuna aliyemfuata kumsaidia mpaka alipokaribia kumaliza, na hapo tukaenda sote.

Usiku ule nilimuuliza mtoto wa Ruangwa kama utotoni aliwahi kulala porini hivi. Alicheka. Alilala, akasema, jandoni. Kusini jando lilikuwa kambi kamili: wavulana wanatolewa nyumbani baada ya mavuno, wanajengewa kibanda mbali na macho ya wanawake, wanatahiriwa, wanauguzwa na kufundishwa na kuimbishwa na kutishwa kwa wiki nyingi, chini ya ngariba na walezi wao. Siku ya kutoka, kibanda kinatiwa moto, na vijana wanaondoka bila kugeuka nyuma. Yeye alipitia la kisasa. Alitahiriwa hospitali, jando lenyewe likabanwa liingie kwenye likizo ya shule, na kibanda chao kilikuwa cha turubai la kuazima, kwa hiyo hakikuchomwa. Kilikunjwa kikarudishwa kwa mwenyewe. Alilisema hilo kwa majuto ambayo sikuyatarajia kwa mtu anayefanya kazi benki. Nilimwambia kambi ya karanga nayo laiti ingechomwa, badala ya kuacha madeni. Akasema hapana, bila ile wasingekuwa na Mtwara yenye bandari, na sisi tusingepata simulizi za kutambia. Tulibishana hivyo hadi moto ukapungua, na mara mbili tukanyamaza kusikiliza, kwa sababu tembo wa msitu wa kaskazini huvuka mto huo wakienda mashambani, na mtendaji alikuwa ametuambia tukisikia debe linapigwa kijijini tusiwashe tochi wala gari.

Hawakuja. Alikuja mzee, mapema, na jembe begani. Jana yake alikuwa ametuchorea mstari kwa fimbo, kutoka kwenye gogo hadi kwenye kichaka: upande huu mahema, upande ule msikanyage. Alikagua mstari wake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Upande wa pili kulikuwa na mashimo madogo yaliyopangwa, kila moja na mche wa nyanya uliofunikwa kwa nyasi kavu. Aliridhika. Tulimwandalia bahasha kama shukrani, akaikataa kwa adabu, akasema kama tunataka kumsaidia, ana magunia ya mbaazi nyumbani na bodaboda wamepandisha bei. Ghala la ushirika lilikuwa linapokea kabla ya mnada, na gari letu linapita huko huko.

Basi tukayapakia. Magunia yaliingia yalikokuwa mahema, mahema yakapanda juu ya keria pamoja na godoro, viti viwili vya kukunja vikabaki kijijini kwa sababu havikupata nafasi, na mzee akakaa mbele, dirishani. Dereva alilirudishia gari upepo kwa pampu ya betri, akazunguka akipiga teke kila tairi, akasema mzigo huu ndio gari hili linaloujua. Ghalani tulikuta foleni ya trekta, pikipiki na mkokoteni mmoja wa punda, karani akapima, akachambua kiganja cha mbaazi kutafuta mawe, akaandika stakabadhi. Sehemu ya anayewasilisha aliandika jina la mzee. Hakutuuliza sisi ni akina nani.

Tulipoagana, mwenzetu wa Brisbane alimwambia mzee kwamba mwakani tungependa kurudi, na wengine zaidi, labda magari matatu. Mzee alifikiri.

"Njooni Septemba," alisema. "Nyanya zitakuwa zimeiva, mtanunua. Lakini magari matatu yakae juu. Mshuke kwa miguu."

"Na mizigo, mzee?"

"Mizigo mtabeba."